Maswali ya Wasomaji: Uzito wa Kigari cha Msonobari Ukae Wapi?

Kila mwaka, sikukuu za Desemba zikishapita, safu hii hupokea barua nyingi za wazazi waishio Marekani ambao watoto wao wamejiunga na Cub Scouts, yaani skauti wa umri mdogo, na wamerudi nyumbani na kisanduku chenye kibao cha msonobari, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kutumika kama ekseli. Hayo ndiyo mashindano ya Pinewood Derby, yaliyobuniwa mwaka 1953 na Don Murphy huko Manhattan Beach, California, baada ya mwanawe kuonekana mdogo mno kwa mashindano ya magari yale makubwa ambayo mtoto hupanda na kuyaendesha mwenyewe. Kigari hiki hakina injini. Huachiwa juu ya mteremko kikashuka kwa uzito wake tu, na kanuni inasema kisizidi aunsi 5, yaani takriban gramu 141.7. Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari ya uzito, kwa hiyo nimezikusanya pamoja, na zile zilizofanana nimezijibu kwa mkupuo mmoja.

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba jiwe zito na jiwe jepesi hudondoka kwa kasi ileile, na mwalimu wetu alikuwa akimtaja Galileo kila mara. Sasa mzazi mwenzangu kikosini ananiambia nijaze madini kwenye kigari cha binti yangu mpaka kifike aunsi 5 kamili, la sivyo tutaachwa mbali. Nimwamini nani, Galileo au mwenzangu?
— Baba wa Binti wa Miaka Minane

JIBU: Waamini wote wawili, ndugu yangu. Galileo alizungumzia kitu kinachodondoka bila kuzuiwa na chochote, ilhali kigari cha binti yako kinazuiwa na mambo matatu, ambayo ni hewa, msuguano wa magurudumu kwenye misumari, na magurudumu yenyewe, ambayo lazima yapewe nishati ya kuzunguka juu ya ile ya kusonga mbele. Msuguano wa misumari huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, kwa hiyo hapo mzito na mwepesi hawapishani sana. Tofauti iko kwenye hayo mengine mawili.

Hewa hukisukuma nyuma kigari kwa kufuata umbo lake na kasi yake, bila kujali ndani kuna mbao tupu au kuna madini ya risasi. Nguvu ileile ya hewa ikimkabili mwepesi itampunguza mwendo zaidi kuliko ikimkabili mzito, kama vile upepo unavyolipeperusha jani kavu na kuliacha jiwe lililo kando yake. Magurudumu nayo yana hesabu yake. Chukulia kwamba yote manne yana gramu 10 kwa pamoja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya plastiki iko pembeni mwa gurudumu, kuyazungusha kunakula nishati kana kwamba umeongeza mzigo wa gramu 6 au 7 ambao hauchangii chochote katika kuvuta. Katika kigari cha gramu 141, mzigo huo hula kati ya asilimia 4 na 5 ya nishati iliyopatikana kwa kuteremka, na katika kigari cha gramu 80 hula asilimia 7 au 8. Hiyo tofauti ya asilimia 3 katika nishati ni asilimia moja na nusu hivi katika kasi, na kwenye mita 8 za sehemu tambarare mwepesi ataachwa nyuma zaidi ya sentimita 10 hata kabla hatujaigusa habari ya hewa. Kwa hiyo jaza, mpaka mizani iseme aunsi 5 na isivuke hapo.

SWALI: Tumepata ushauri wa kila namna. Jirani anasema uzito uwekwe nyuma kabisa, kaka yangu anasema katikati ili kigari kitulie, na mume wangu anashikilia kwamba mbele ndiko kunakovuta. Kibao bado hakijakatwa na muda unatuishia. Uzito ukae wapi hasa?
— Mama wa Mapacha

JIBU: Mama, mwambie baba watoto kwa upole kwamba mbele ndipo mahali pabaya kuliko pote. Jirani yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa neno lake la "kabisa" litawatia hasara, na nitaeleza kwa nini.

Mwanzoni mwa njia vigari vyote hupangwa pua zao zikiegemea vijiti vilivyosimama kwenye mstari mmoja. Pua zimelingana, lakini mkia wa kila kigari uko juu zaidi ya pua kwa sababu njia imeinama. Madini yakiwa mkiani, yanaanza safari yakiwa juu zaidi kutoka sakafuni kuliko madini ya mshindani aliyeyaweka puani, na mwisho wa safari, kwenye tambarare, yote yatakuwa kimo kimoja. Aliyeshuka kimo kirefu zaidi amevuna nishati nyingi zaidi. Hakuna siri nyingine. Uzito wa nyuma hausukumi kitu, ila umepewa ngazi ndefu zaidi ya kushukia.

Ngazi hiyo ina urefu gani? Njia nyingi zina urefu wa kati ya futi 30 na 50, na mwanzo wake umeinuliwa kiasi cha futi 4, ambazo ni kama mita 1.2. Tuseme mteremko umelala kwa digrii 30, na wewe umekirudisha nyuma kitovu cha uzito cha kigari chote kwa milimita 25. Nusu ya hizo, yaani milimita 12 na kitu, ndicho kimo ulichoongeza, nacho ni kama asilimia 1 ya mita 1.2. Nishati ikiongezeka kwa asilimia 1, kasi huongezeka kwa nusu asilimia. Nusu asilimia ya mita 8 za tambarare ni sentimita 4, urefu unaozidi kipenyo cha gurudumu lenyewe, ambalo ni la sentimita 3 hivi. Anayeona sentimita 4 ni kidogo hajawahi kusimama kwenye mstari wa mwisho na kuona vigari viwili vikipishana kwa unene wa rangi.

Nimetaja kitovu cha uzito, na hicho ndicho cha kufuatilia, wala si mahali madini yalipobandikwa. Kitovu hicho ni pale ambapo kigari kizima, pamoja na magurudumu, misumari na rangi, kinakaa sawa bila kuinamia mbele wala nyuma. Kukipata hakuhitaji chombo cha maabara. Simamisha rula ya mbao kwa ukingo wake juu ya meza, uishike isianguke, kisha ukilaze kigari juu yake kikiwa kimeikingama, magurudumu yakining'inia. Kisogeze taratibu mbele na nyuma hadi kibaki kikisitasita pasipo kuanguka upande wowote. Hapo rula ilipogusa, chora mstari mwembamba wa penseli tumboni mwa kigari, kisha upime kutoka mstari huo hadi kwenye ekseli ya nyuma. Wajenzi wazoefu hulenga kitovu hicho kikae kati ya milimita 20 na 25 mbele ya ekseli ya nyuma. Kwa wanaoanza, kama ninyi, nasema 25, na mkishaona kinakwenda wima bila kuyumba ndipo mfikirie kukisogeza hadi 20.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hukisia halafu wakajuta. Tuseme mmekata kibao, mmeweka magurudumu kwa muda bila gundi, na mizani inasoma gramu 57. Kwenye rula, kigari hicho kinakaa sawa milimita 50 mbele ya ekseli ya nyuma. Mnataka kifike gramu 141, kwa hiyo madini yatakuwa gramu 84, na kitovu cha vyote pamoja mnakitaka milimita 25. Zidisha 141 kwa 25, upate 3,525. Zidisha 57 kwa 50, upate 2,850. Toa hiyo ya pili kutoka ya kwanza, zinabaki 675. Gawanya kwa 84, jibu ni 8. Maana yake ni kwamba kitovu cha madini yenyewe kinatakiwa kiwe milimita 8 mbele ya ekseli ya nyuma: mengine yatakuwa mbele kidogo ya ekseli, na mengine nyuma yake. Mkitaka kitovu cha kigari kiwe milimita 20, rudieni hesabu, mtaona madini yanatakiwa kukaa karibu juu ya ekseli yenyewe. Hizo milimita 5 za kigari zimeyadai madini yarudi nyuma zaidi ya milimita 8, na hapo ndipo nafasi huanza kuwa finyu.

Kuna njia mbili za kuipanua nafasi hiyo kabla hujanunua hata gramu moja ya madini. Ya kwanza ni kukigeuza kibao. Vijia viwili vya ekseli vilivyochongwa kiwandani haviko sawa kutoka kwenye ncha, kwa kuwa kimoja kiko karibu zaidi na ncha yake kuliko kingine. Ukiifanya ncha hiyo fupi kuwa mkia, ekseli ya nyuma inarudi nyuma, na kila kitu kinaweza kurudi pamoja nayo. Kwanza hakikisha kanuni za kikosi chenu hazikatazi. Njia ya pili ni kupunguza mbao, hasa upande wa mbele. Kibao kizima peke yake huweza kupita gramu 100, na mtoto anayekiacha kibao kikiwa kinene ili kifanane na lori hubakiwa na gramu chache mno za kuamua zikae wapi. Kila gramu ya mbao mnayoiondoa puani inarudi mkiani ikiwa madini, na hivyo mnafaidika mara mbili.

SWALI: Mwaka jana nilifuata ushauri wa kuweka uzito nyuma, nikaurundika wote mkiani. Kigari cha kijana wangu kilianza vizuri, lakini kilipofika chini ya mteremko kilianza kupepesuka kushoto na kulia kama mlevi, tukawa wa mwisho katika raundi zote. Nimeanza kuamini kwamba habari ya uzito wa nyuma ni hadithi tu.
— Aliyekata Tamaa

JIBU: Usikate tamaa, kwa sababu kigari chako kilitii fizikia vizuri kabisa. Ukirudisha uzito nyuma, unayanyang'anya magurudumu ya mbele mzigo wake. Umbali kati ya ekseli mbili katika kibao cha kawaida ni takriban milimita 111. Kitovu kikiwa milimita 25 mbele ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hubeba gramu 32 hivi kati ya 141. Kikiwa milimita 20, hubeba kama 25. Kikiwa milimita 10 tu, yanabaki na gramu 13, na gramu 13 hazitoshi kuibana pua chini pale mteremko unapopinda kuingia tambarare, wala kwenye kila kiungo cha njia. Pua inaruka kidogo, inarudi imegeuka, gurudumu linagonga reli ya katikati, ule ukanda ulioinuka njiani unaopita kati ya magurudumu ili kukiongoza kigari, na kurudishwa upande wa pili, na tangu hapo kigari kinatumia nishati yake kugombana na reli badala ya kwenda mbele. Zile sentimita chache ulizozipata kwenye kimo umezirudisha mara kumi.

Hata hivyo, si lazima kosa lote liwe la uzito. Kigari ambacho ekseli zake zimenyooka huvumilia kitovu cha nyuma zaidi kuliko kile ambacho ekseli zake zimekaa mshazari. Kabla hujagusa madini, kiachie kigari juu ya ubao mrefu ulioinuliwa kidogo sana upande mmoja, kishuke polepole, uone kinaelekea wapi. Kikipinda kwa nguvu upande mmoja, rekebisha ekseli. Kisipopinda lakini bado kinapepesuka mashindanoni, hapo ndipo usogeze uzito mbele milimita 3 au 4 na ujaribu tena. Wapo wajenzi wanaopinda kwa makusudi msumari mmoja wa mbele ili gurudumu lake liegemee reli kwa upole muda wote, na gurudumu la mbele la upande wa pili wakaliinua lisiguse njia. Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri, lakini vikosi vingine huikataza, na hata palipo ruhusa gurudumu linaloongoza linahitaji mzigo wa kutosha ili lishike. Uzito ukiwa mkiani wote, gurudumu hilo halina cha kuegemea.

Ukiniuliza mimi, kati ya saa tano ulizo nazo za kutengeneza kigari, nne zitumie kwenye misumari: kuisugua kwa msasa laini mpaka ing'ae, kuiweka wima, kuipaka unga wa grafiti. Saa moja inatosha kwa uzito, mradi ufuate rula na hesabu.

SWALI: Dukani nimeona risasi, zinki na tungsteni. Tungsteni inauzwa bei ambayo sikuitarajia kwa kitu kidogo hivyo. Je, sarafu za senti haziwezi kufanya kazi hiyohiyo?
— Mkono Mgumu

JIBU: Gramu ni gramu, na mizani haijui imetoka wapi. Unachokinunua kwenye tungsteni ni udogo. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ina gramu 19.3, ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma kama 7.8, ya zinki kama 7.1. Zile gramu 84 za Mama wa Mapacha zingechukua sentimita za ujazo 4 na kitu zikiwa tungsteni safi, 7 na nusu zikiwa risasi, na karibu 12 zikiwa zinki. Sarafu ya senti 1 iliyotengenezwa baada ya mwaka 1982 ina gramu 2.5, nayo kwa sehemu kubwa ni zinki iliyopakwa shaba, kwa hiyo utahitaji 34, na ukizipanga moja juu ya nyingine zitafika urefu wa sentimita 5. Mahali pa kuweka mnara huo nyuma ya kigari hapapo. Itakubidi uzitandaze kuelekea mbele, na kila unaposogea mbele kitovu kinakufuata.

Kwa hiyo jibu langu linategemea umbo alilolichagua mtoto. Kigari chembamba kama ubao wa rula hakina budi kupata tungsteni, kwa sababu hakuna nafasi ya kitu kingine. Kigari chenye mkia mnene kinaweza kubeba risasi kikakaribia kufika palepale. Unaweza pia kuchanganya, tungsteni ikakaa karibu na ekseli ambako kila milimita ina thamani, na madini ya bei nafuu yakajazia palipobaki.

Kuhusu risasi sina budi kusema kwa ukali kidogo. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiiyeyushe nyumbani, usiipige msasa, usiikate kwa msumeno ukaacha unga wake mezani. Kama utaitumia, nunua vipande vilivyokwisha kukatwa, vishike wewe na si mtoto, vizibe ndani ya mbao kwa gundi na rangi, kisha unawe mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula. Mimi mwenyewe niliacha kuitumia tangu nilipomwona mtoto wa kikosi chetu ameweka kipande mdomoni huku akitumia mikono yote miwili kushikilia kigari.

Jambo la mwisho kwako ni matundu. Yatoboe kutoka nyuma au ubavuni, na uyaweke mbali na vijia vya ekseli, kwa maana mbao iliyobaki nyembamba hapo hupasuka na msumari ukalegea. Jaribu kwanza vipande vyote ndani ya matundu vikiwa vimeshikwa na utepe wa karatasi, upime kwenye mizani na kwenye rula, halafu ndipo utie gundi.

SWALI: Je, uzito ukiwa chini ya kigari ni bora kuliko ukiwa juu? Na je, inaruhusiwa kuweka zebaki au golori zinazotembea ndani ili zirudi nyuma kwenye mteremko?
— Mdadisi

JIBU: La kwanza halina uzito mkubwa, kama utanisamehe neno hilo. Madini yaliyo juu ya kigari na yaliyo chini yake hushuka karibu kimo kilekile, kwa hiyo hakuna nishati ya ziada. Yakiwa chini kigari hutulia zaidi, basi yaweke chini, ila yasitokeze tumboni, kwa kuwa kanuni inadai nafasi ya inchi 3/8 kati ya tumbo la kigari na njia, na reli ya katikati hupita hapo.

La pili halina mjadala. Kanuni zinakataza kitu chochote kilicho huru ndani ya kigari. Zebaki, zaidi ya kukatazwa, ni sumu mbaya ambayo haipaswi kukaribia mikono ya mtoto. Na hata kanuni zingeruhusu, golori inayogonga huku na huku hula nishati kila inapogonga ukuta.

SWALI: Nyumbani kigari kilipima aunsi 5 kamili. Mezani kwa wakaguzi kikasoma zaidi, tukaambiwa tupunguze au tusishindane. Tulikuwa na dakika 10 na kisu cha mfukoni. Tufanye nini ili jambo hilo lisijirudie?
— Waliotoka Jasho

JIBU: Karibuni katika chama, maana mimi ni mwanachama wa siku nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilizika madini yote kwa gundi ya epoksi Alhamisi usiku, nikapima kwenye mizani ya jikoni, nikaona 5.0, nikalala nikiwa na furaha. Ijumaa tukapaka rangi mara tatu kwa sababu mtoto hakuipenda bluu ya kwanza. Jumamosi asubuhi mizani ya wakaguzi ikasoma 5.2. Hizo aunsi 0.2 ni zaidi ya gramu 5. Sehemu yake ilikuwa rangi, na sehemu ilikuwa mizani yangu, iliyozoea kupima unga na haikujali vitu vidogo. Niliazima drili, nikakigeuza kigari na kutoboa tumbo lake pale ambapo madini yalikuwa yanafikika, yaani mkiani. Chembe za chuma ziliruka juu ya meza, mtoto akiangalia kwa macho makubwa. Tulipita ukaguzi. Lakini nilikuwa nimeuondoa uzito wa nyuma kabisa, ule wenye thamani kuliko wote, na kitovu kilisogea mbele bila mimi kujua kwa kiasi gani.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Napaka rangi kwanza, naiacha ikauke kabisa, ndipo napima. Natia gundi madini makubwa hadi kigari kifike aunsi 4.8 hivi na kitovu kikiwa mahali pake. Kisha natoboa kitundu kidogo tumboni, juu ya ule mstari wa penseli unaoonyesha kitovu cha uzito, nacho nakiacha kwa ajili ya marekebisho ya mwisho. Kitundu kikiwa hapo hasa, chochote utakachoongeza au kutoa hakitakisogeza kitovu mbele wala nyuma, hata ukifanya hivyo kwa mikono inayotetemeka mbele ya mkaguzi. Ndani yake unaweza kubana vipande vya madini kwa skrubu fupi, au kutumia ule udongo laini wenye unga wa tungsteni, ambao hufinyangwa kwa kidole na kushikilia vizuri.

Ulizeni mapema kama wakaguzi wa kikosi chenu wanaruhusu vigari vipimwe kwenye mizani yao kabla ya siku ya mashindano, kwa maana vikosi vingi hufanya hivyo jioni iliyotangulia. Kama hawaruhusu, njooni asubuhi na skrubu tatu za urefu tofauti mfukoni, pamoja na bisibisi. Mizani ikisoma 4.95, toa skrubu fupi, tia ndefu. Ikisoma 5.02, fanya kinyume chake. Kazi hiyo mwachieni mtoto aifanye mwenyewe, kwa kuwa haina kisu, haina drili, na mkaguzi akiona mikono midogo ndiyo inayozungusha bisibisi huwa hana haraka.